Ukarabati wa nyumba ya zamani Nyanda za Juu Kusini: dalili, visababishi na tiba

Nyumba nyingi za zamani kuanzia Iringa, Mafinga na Njombe hadi Mbeya na Tukuyu zimejengwa kwa matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo, kisha zikapigwa lipu ya saruji baadaye na kuezekwa kwa bati la misumari. Ni nyumba imara zikitunzwa. Adui wao ni maji. Mvua huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, Tukuyu huenda mbele zaidi, na kwa muda wote huo ukuta haupati nafasi ya kukauka. Ndiyo maana anayeanza na rangi Julai huona doa lilelile limerudi Januari.

Fuata mpangilio huu hata kama kinachokukera ni kitu kingine: paa, gata, usawa wa ardhi ya nje, mitaro, kuta, na rangi mwisho kabisa. Kagua nyumba mvua inaponyesha, maana ndipo kosa linapojionyesha. Chimba na piga lipu kati ya Mei na Oktoba. Juni na Julai, hasa Makete na Njombe ambako sakitu huanguka, funika lipu na zege mpya kwa magunia usiku. Saruji hukomaa polepole mno kwenye baridi kali, na maji yakiganda ndani yake siku ya kwanza, uso wote hugeuka unga.

Vifaa vya uchunguzi ni vichache: futi kamba, pima maji, timazi, tochi, bisibisi bapa, nyundo ndogo, penseli na mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, urefu wa mita 10.

Ukuta unalowa chini, lipu inavimba na kubanduka

Hili ndilo linalolalamikiwa kuliko yote, na ndilo linalotibiwa vibaya kuliko yote. Gonga lipu kwa nyundo ndogo, sentimita 20 juu ya sakafu. Ikitoa mlio mtupu, ingiza ncha ya mwiko pembeni yake. Inabanduka kama ganda la yai, na nyuma yake kuna unga mweupe, mwepesi kama majivu. Hiyo ni chumvi. Maji ya ardhini yamepanda nayo ndani ya tofali, yakakauka, yenyewe ikabaki ikasukuma lipu kwa nyuma.

Kisababishi cha kwanza, na mara nyingi ndicho pekee, ni ardhi ya nje kuwa juu kuliko sakafu ya ndani. Uwanja uliofagiliwa, ukamwagiwa kifusi na kupandwa maua kwa miaka 40 hupanda bila mtu kutambua. Pima kwa mpira wa maji: mtu mmoja ashike ncha moja ndani mlangoni, mwingine ashike ncha ya pili nje kwenye kona. Maji yakitulia, kila mmoja apime kutoka usawa wa maji hadi chini. Kipimo cha nje kinatakiwa kizidi cha ndani kwa sentimita 15 au zaidi. Kikiwa sawa au pungufu, umempata mhalifu.

Cha pili ni maji ya paa kudondokea mguuni mwa ukuta. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 40 kwa alasiri moja, ni lita 4,000 zinazoshuka kandokando ya msingi. Tazama rangi ya ukuta nje: tope lililorukia hadi sentimita 40 au 50 juu linaonyesha kuwa hakuna gata, au gata limeziba.

Cha tatu ni bomba linalovuja. Funga koki zote jioni, andika namba inayosomeka kwenye mita ya maji, isome tena baada ya saa moja. Ikisogea, tafuta kuvuja kabla hujagusa mwiko.

Cha nne ni msingi usio na nailoni ya kuzuia unyevu kati yake na ukuta. Watu wengi huanza kukilaumu hiki, kumbe vitatu vya juu vikiondolewa ukuta wenyewe hukauka vya kutosha.

Cha tano si maji ya ardhini kabisa. Ni mvuke wa kupikia, wa kuoga na wa pumzi za watu waliolala madirisha yamefungwa kwa baridi. Bandika kipande cha nailoni cha sentimita 50 kwa 50 ukutani, kizibe pande zote kwa utepe wa gundi, ukiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ukutani, unyevu unatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa chumbani, fungua matundu ya hewa yaliyozibwa. Chumba cha nyumba ya zamani kilipewa matundu hayo juu ya dirisha kwa sababu.

Tiba yenyewe inaanza nje. Ondoa vitanda vya maua vilivyoegemea ukuta. Chimbua ardhi kwa upana wa mita 1 mpaka iwe sentimita 15 chini ya sakafu, kisha iinamishe kuelekea nje sentimita 5 kwa kila mita. Mguuni mwa ukuta weka utepe wa kokoto, upana sentimita 60, kina sentimita 10. Wengi hupenda kumwaga zege hapo. Kwa ukuta wa tofali na udongo, kokoto ni bora zaidi, kwani zege huziba ardhi na unyevu hukimbilia mahali pekee palipobaki wazi, yaani ukutani.

Kama kiwanja kimeinama kuelekea nyumba, jambo la kawaida kwa nyumba za mabondeni na miguuni mwa milima Mbeya, chimba mtaro wa kokoto upande wa juu. Uwe mita 1 na nusu kutoka ukutani, upana sentimita 30, kina sentimita 45, ukishuka sentimita 1 kwa kila mita. Tandika kokoto sentimita 5, laza bomba la inchi 4 lililotobolewa, matundu yakiangalia chini, jaza kokoto, funika kwa gunia la nailoni lililofumwa ili udongo usiingie, ndipo urudishe udongo juu. Mdomo wa bomba utoke mahali unapoweza kuuona ukimwaga, na usimwage kwa jirani.

Ukishamaliza nje, ndani bandua lipu mpaka sentimita 50 juu ya alama ya unyevu. Chumvi ipigwe brashi ikiwa kavu na izolewe. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani ya tofali. Kisha subiri. Ukuta hukauka takriban sentimita 2.5 za unene kwa mwezi, kwa hiyo ukuta wa sentimita 23 ulioloa sana unahitaji takriban miezi tisa, yaani kiangazi kizima na zaidi. Subira hii ndiyo inayotenganisha kazi inayodumu na kazi ya kurudia kila mwaka.

Lipu mpya isiwe kali. Lipu ya saruji 1 kwa mchanga 3 ni ngumu kuliko ukuta ulio nyuma yake: ukuta unapocheza kidogo, lipu hupasuka, maji huingia kwenye ufa na hayana pa kutokea. Changanya ndoo 1 ya saruji, ndoo 2 za chokaa ya kujengea na ndoo 9 za mchanga uliochekechwa. Kwangua udongo kwenye viungo vya matofali kina cha sentimita 1.5, lowesha ukuta kwa brashi, piga tabaka la kwanza la milimita 10, acha wiki moja ukilinyunyizia maji siku tatu za mwanzo, kisha tabaka la pili. Lipu ya nje ikomee sentimita 5 juu ya kokoto. Ikishuka mpaka ardhini hugeuka utambi. Rangi iwe ya chokaa au ya maji. Rangi ya mafuta kwenye ukuta huu utaiona ikitoa malengelenge kabla ya Krismasi. Vaa miwani na glavu, chokaa ikiingia jichoni huunguza.

Acha kazi na uite mtaalamu kama ulipochimba umefika chini kabisa ya msingi, kama tofali linavunjika mkononi zaidi ya nusu ya unene wake, au kama timazi inaonyesha ukuta umeinama zaidi ya sentimita 2 kwenye urefu wa mita 2 na nusu. Kubadilisha kozi ya chini ya matofali ili kupitisha nailoni mpya ni kazi ya fundi mzoefu, kipande kwa kipande. Si kazi ya wikendi.

Dari ina madoa, bati linavuja

Uliza kwanza: doa linakua lini? Likikua Februari, ni mvua. Likikua Julai wakati hakuna wingu, bati halivuji. Usiku wa baridi hewa yenye mvuke kutoka jikoni na vyumbani hupanda darini, hugusa bati lililopoa, hugeuka maji, na jua likitoka yanadondoka. Watu wamewahi kuezua paa zima kwa kosa hili. Toboa matundu ya hewa kwenye mbao za chini ya mapaa, pande mbili zinazotazamana, yafunge kwa wavu wa mbu, na hakikisha moshi wa jiko hautolewi darini.

Kwa kuvuja kwa mvua, anza na misumari. Ng'oa mmoja uutazame: washa ya mpira iliyokaa juani miaka 20 husagika kati ya vidole kama udongo mkavu. Bati hutanuka mchana na kusinyaa usiku, msumari huinuka kidogo kidogo, tundu linabaki wazi. Usigongelee msumari uleule mahali palepale, utarudi. Toa, weka skrubu ya bati yenye washa mpya, nene kidogo kuliko msumari wa zamani, ndefu ya kutosha kuingia kwenye papi (mbao zinazobeba bati) sentimita 3. Skrubu ikae kwenye mgongo wa bati. Ukiiweka kwenye bonde, unatoboa mfereji wenyewe.

Vinavyofuata kwa wingi ni kofia ya paa iliyoinuliwa na upepo, kisha bonde la paa mahali mapaa mawili yanapokutana. Nyumba iliyo chini ya misindano hujaza sindano za miti humo, maji yanafurika chini ya bati. Safisha Oktoba, rudia Februari. Baada ya hapo angalia mapishano: ubavuni migongo miwili ipandane, na juu kwa chini iwe sentimita 15, au 25 kama paa limelala. Mwisho ni kiungo cha paa na bomba la moshi. Saruji iliyobandikwa hapo hupasuka kila mwaka, kwa hiyo weka bati lililokunjwa, upande mmoja ukiingia kwenye mkato wa sentimita 2.5 ndani ya matofali.

Ukishindwa kuona tundu, tumia mpira wa kumwagilia. Mmoja akae darini na tochi, mwingine amwage maji akianzia chini ya paa, dakika 10 kwa kila mstari wa papi, akipanda taratibu. Ukianzia juu, maji yanateremka kote na hutajua yaliingilia wapi. Kumbuka pia kwamba maji husafiri juu ya kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa): doa la sebuleni laweza kuwa na tundu mita 2 upande wa juu.

Gata liinamishwe sentimita 1 kwa kila mita 2, na vishikizi visizidi sentimita 90 kati yake.

Kanyaga pale tu misumari inapopita, maana chini yake kuna papi. Usipande bati likiwa na umande, na asubuhi ya sakitu usilisogelee kabisa.

Na hapa kuna onyo zito. Kama paa lako ni la vigae vikubwa vya mawimbi, rangi ya kijivu, vinene kiasi cha milimita 6 na vya asili ya saruji, nyumba ikiwa ya kabla ya miaka ya 1990, chukulia kuwa vina asbesto mpaka ipimwe. Usikate, usitoboe, usisugue ukoga kwa brashi kavu, usivunje. Vumbi lake likiingia mapafuni halitoki, na ugonjwa wake hujitokeza baada ya miaka mingi. Waulize maofisa mazingira wa halmashauri au NEMC (baraza la taifa la mazingira) namna ya kuliondoa na mahali pa kulizika. Vipande vyake visitumike kufunika banda la kuku wala kuzungushia bustani.

Nyufa

Ufa usomwe kabla ya kuzibwa. Chora mistari miwili ya penseli kuukata, andika tarehe na upana wake pembeni, uusome tena mwisho wa mvua na mwisho wa kiangazi. Ufa usiosogea mwaka mzima ni kovu. Unaosogea ni ugonjwa.

Vinyufa kama nywele vilivyotapakaa kama utando wa buibui ni lipu iliyokauka haraka. Piga rangi, endelea na mambo mengine.

Ufa mshazari unaotoka kona ya dirisha au mlango mara nyingi unamaanisha linta (boriti ya juu ya dirisha au mlango) haipo, ni fupi, au ni ubao uliooza. Linta inatakiwa ikalie ukuta sentimita 15 kila upande, na 20 kwa ukuta wa udongo. Kama ufa uko chini ya milimita 5 na umetulia, utanue kwa tindo uwe na umbo la V, lowesha, jaza kwa mchanganyiko uleule wa chokaa, kisha bandika wavu wa waya sentimita 15 kila upande kabla ya lipu.

Ufa wa wima unaotenganisha chumba kilichoongezwa na nyumba ya zamani hutokea kwa sababu misingi miwili ya umri tofauti haitulii pamoja. Usiishone kwa nondo. Acha nafasi ya milimita 10, ijaze kitu kinachonyumbuka na ufunike kwa ubao mwembamba uliopigiliwa upande mmoja tu.

Ufa unaopanda kama ngazi kwenye viungo vya matofali, mpana juu kuliko chini, unasema kona ya msingi inazama. Angalia maji ya gata yanamwagikia wapi, kisha angalia miti. Kwenye udongo mfinyanzi, mkaratusi mkubwa ulio karibu hunyonya maji kiangazi na ardhi husinyaa. Ukiukata, ardhi hunywa na kuvimba tena kwa misimu kadhaa, kwa hiyo acha ipite misimu miwili ya mvua ndipo uzibe nyufa.

Ufa wa mlalo sehemu ya juu, karibu na paa, huletwa na kenchi zinazosukuma kuta nje kwa kuwa mbao ya chini inayozifunga imekatwa au imeoza. Usiuzibe. Shughulikia kenchi.

Mbeya iko kwenye Bonde la Ufa na matetemeko madogo si mageni. Baada ya tetemeko zunguka nyumba, weka alama kila ufa mpya. Mhandisi aitwe kama ufa umezidi milimita 5 na bado unasogea, kama unapitisha mwanga, au kama milango ya upande uleule imeanza kukwama kwa wakati mmoja.

Mlango unakwama

Ukikwama masika na kuachia kiangazi, mbao imekunywa maji. Kaza bawaba kwanza, kisha subiri ikauke ndipo urande milimita 2 au 3, na upake rangi kwenye kingo za juu na chini pia, ambako mafundi wengi huruka. Ukikwama mwaka mzima, rudi kwenye nyufa.

Mbao laini, unga sakafuni

Njia za udongo zinazopanda ukutani au kwenye fremu ni mchwa. Matundu madogo ya duara yenye unga chini yake ni bungua. Choma kila fremu kwa bisibisi, hasa sentimita 10 za chini. Ikizama sentimita 1 bila nguvu, kipande hicho kimekwisha.

Mchwa hufuata unyevu na mbao inayogusa udongo. Kuni zilizoegemezwa ukutani na visiki vilivyofukiwa ni daraja lao. Viondoe kabla ya kununua dawa. Fremu iliyooza chini inaweza kukatwa kwa mshazari sentimita 15 juu ya penye ubovu na kuungwa kipande kipya.

Mbao ya msindano ya Mafinga, kutoka mashamba ya Sao Hill, nunua iliyotiwa dawa. Huwa na rangi ya kijanikijani. Kila unapoikata, moyo wake hubaki wazi bila dawa, kwa hiyo pakaa dawa kwenye ncha kabla ya kupigilia. Vipande vinavyobaki visiingie jikoni wala motoni, moshi wake ni sumu.

Kenchi zikiwa laini mahali zinapokalia ukuta, shuka. Mtaalamu aegemeze paa kwanza.

Dohani (bomba la moshi) inarudisha moshi

Fungua dirisha sentimita 5. Moshi ukipanda vizuri, chumba kilikuwa kimefungwa mno. Usipopanda, angalia kiota cha ndege na masizi kwa kioo kidogo ukitazama juu. Kikiwa kisafi, pima: mdomo wa dohani unatakiwa uwe sentimita 60 juu ya kilele cha paa kama uko karibu nacho, na eneo la uwazi wa mbele lisizidi mara 10 ya eneo la tundu la ndani. Uwazi mkubwa hupunguzwa kwa kuinua sakafu ya moto kozi moja ya matofali.

Dohani yenye ufa unaopitisha moshi darini isiwashwe mpaka itengenezwe. Na jiko la mkaa lisiingizwe chumba cha kulala kwa ajili ya joto, hata likiwa na makaa mekundu yasiyotoa moshi. Gesi yake haina harufu na inaua watu usingizini kila msimu wa baridi.

Umeme unakata, taa zinafifia

Chomoa vifaa vyote, zima swichi, rudisha sakiti breka, kisha washa kimoja kimoja. Kinachoikata ndicho kibovu, au ndicho kinachozidisha mzigo. Ikikata bila kifaa chochote, huenda waya umeguswa na maji darini au umetafunwa na panya. Usiweke breka kubwa ili isikate: waya wa soketi wa milimita za mraba 2.5 kwenye breka ya ampea 32 huweza kuungua kabla breka haijastuka.

Zima meni swichi na uite fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) kama soketi ina joto au harufu, kama unapigwa shoti ukigusa koki ya maji au ukuta mbichi, au kama nyaya zina ganda la mpira linalopukutika. Nyumba nyingi za zamani hazina ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) kabisa, au fimbo yake imeliwa na kutu. Kinachoanzia kwenye mita ya umeme kurudi kwenye nguzo ni cha TANESCO, usikiguse.

Uwanja unatuama maji au unamomonyoka

Chimba shimo la sentimita 30 kwa 30, lijaze maji yaishe, lijaze tena, kisha pima yameshuka kiasi gani kwa saa moja. Chini ya sentimita 2.5, udongo haunywi, na mchanga uliomwagwa juu hautasaidia. Unahitaji mwinamo na mtaro. Yakitoweka kwa dakika chache, kama ilivyo kwenye udongo mwepesi wa volkano kuzunguka Rungwe, hutatuamiwa na maji ila utamomonyolewa, kwani udongo huo huenda na mkondo kirahisi.

Kwenye mteremko, kata kasi ya maji kabla ya kufikiria ukoka. Panda mistari ya nyasi za vetiva inayofuata usawa wa kontua (mstari wa kimo kilekile kwenye mteremko), vichipukizi kila sentimita 10 hadi 15, mistari ikiachana mita 1 hadi 2 za kushuka. Mpira wako wa maji unatosha kupata usawa huo. Pengo moja kwenye mstari huwa mlango wa korongo, kwa hiyo rudi baada ya wiki tatu ujazie vilivyokufa. Panda mvua za mwanzo zikishalowesha ardhi sentimita 20. Ukoka hupandwa katikati ya mistari, vipando kila sentimita 15, na usifagiliwe mpaka ushikane.

Ukuta wa mawe uliotunisha tumbo karibu kila mara umebeba maji nyuma yake. Angalia kama una matundu ya kutolea maji, na kama yapo, yachokonoe kwa nondo. Ukijenga upya na urefu hauzidi mita 1, anza na msingi wa kina cha sentimita 30, mawe makubwa chini, ukuta uegemee mlimani sentimita 1 kwa kila 6 za kupanda. Weka mabomba ya inchi 2 kila mita 1 na nusu, na nyuma yake kokoto sentimita 30. Usijaze udongo wa mfinyanzi moja kwa moja nyuma ya mawe. Ukizidi mita 1, au kukiwa na nyumba, barabara au tangi la maji juu yake, kazi hiyo ni ya mhandisi. Bango la udongo likianguka halitoi notisi, na nyufa ardhini zilizopinda kama mwezi mchanga juu ya mteremko ni sababu ya kuwaondoa watu walio chini siku hiyohiyo.

Utepe wa nyasi za kijani kibichi mwezi wa Septemba, wakati kote kumekauka, unaonyesha bomba linalovuja au shimo la majitaka lililojaa. Fungua kifuniko cha chemba kwa uangalifu na usitumbukize kichwa. Hakuna anayeshuka ndani ya shimo hilo, hata kwa dakika moja kuokota kitu. Ita gari la kunyonya.

Miti mipya: parachichi mita 8 kutoka ukutani, mkaratusi usiupande kwenye kiwanja cha nyumba. Mti mzee ulioegemea paa au waya za umeme usiukate mwenyewe kwa panga na kamba. Toa taarifa TANESCO kama waya zinahusika, kisha umtafute mkata miti mwenye kamba za kushushia matawi, aanze na yale yaliyo juu ya bati.